Mhariri na Waandishi wa Kujitegemea katika Magazeti ya Kiswahili

Historia ya magazeti ya Kiswahili ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya waandishi wasioajiriwa na magazeti hayo. Kurasa za Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, zilipokea barua na mashairi ya wasomaji waliokuwa na kazi zao nyingine. Shaaban Robert, mmoja wa washairi waliochapishwa humo, alikuwa karani wa forodha. Tangu enzi hizo, mhariri wa Kiswahili ameongoza pia kalamu za watu wasio chini ya mamlaka yake kamili. Mhadhara huu unadai kwamba namna anavyoziongoza hudhihirika katika lugha yenyewe ya gazeti.

Mwandishi wa kujitegemea ni yule anayeliandikia gazeti bila ajira ya kudumu. Nchini Tanzania, wengi wa waandishi hao wako mikoani, na aghalabu hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Habari isipotoka, nauli na gharama za simu humwangukia yeye. Athari ya utaratibu huu si ya kiuchumi tu. Chukua sentensi iliyozoeleka: “Mtu mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali.” Kisarufi haina kasoro. Hata hivyo, haielezi waliohusika walikuwa akina nani, hasira yao ilitokana na nini, wala tuhuma dhidi ya marehemu zilithibitishwa na nani. Vivyo hivyo, “inadaiwa kuwa” humficha anayedai. Misemo ya aina hii humfaa mwandishi asiye na uwezo wa kurudi kwenye tukio.

Mhariri anayebadilisha “hasira kali” kuwa “ghadhabu” hajahariri chochote. Wajibu wake ni kuuliza: nani alishuhudia, na polisi walisema nini? Iwapo jibu linahitaji safari ya pili, gazeti ndilo linalopaswa kuigharimia. Hapo suala la mtindo hugeuka kuwa suala la nauli. Gazeti lisipoilipa, huenda ikalipwa na mwandaaji wa mkutano au mwanasiasa, na habari ikaegemea upande wa mwenye bahasha. Anayepoteza ni msomaji, ambaye hajui kwamba habari anayoisoma imelipiwa na mhusika wake.

Kwa upande wa ukurasa wa mashairi, tatizo ni kinyume: mhariri huingilia mno. Malenga wa Mombasa anaweza kuandika “mato” kwa maana ya macho, akayapatanisha na “kito” na “mito”. Mhariri akisanifisha neno hilo liwe “macho”, mizani itabaki ile ile, lakini kina cha “-to” kitavunjika, na aibu itabebwa na mtunzi ambaye jina lake liko chini ya shairi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtunzi kutajwa na kupinga kupotoshwa kwa kazi yake. Kabla ya sheria, hata hivyo, kuna adabu ya taaluma: mtunzi aulizwe. Kiswahili sanifu ni lugha ya habari, ila hakina mamlaka ya kufuta lahaja katika ushairi.

Kutokana na hoja hizi, uongozi bora wa waandishi wa kujitegemea una misingi minne. Kwanza, agizo litolewe kwa maandishi, likitaja mada, urefu, siku ya mwisho na kiwango cha malipo. Pili, swali la mhariri limfikie mwandishi kabla ya habari kwenda mitamboni. Tatu, kazi iliyoagizwa na kukamilishwa kama ilivyokubaliwa ilipwe hata ikikosa nafasi. Nne, kazi inayokataliwa irudishwe pamoja na sababu, kwa kuwa ukimya haumfundishi mtu kuandika.

Kwa kuhitimisha, watafiti wa Kiswahili wamezoea kulitumia gazeti kama ushahidi wa mabadiliko ya lugha. Ushahidi huo hautakuwa kamili iwapo mtafiti hataangalia pia mkataba uliozaa maandishi hayo. Nyuma ya msemo uliochakaa huenda yupo mwandishi aliyeujua ukweli mzima, lakini hakuwa na nauli ya kuufuata.