Bei ya Kompyuta Ndogo: Kutoka Kiwandani hadi Unguja

Tarehe 29 Februari 2012 kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, ilianza kuuzwa kwa dola 35 za Marekani. Kompyuta hiyo ni bodi moja tu, ukubwa wake karibu sawa na kadi ya benki, na ilikusudiwa hasa wanafunzi. Mwanafunzi wa Unguja asomaye bei hiyo, kisha akaitafuta bodi katika maduka ya Darajani, huenda asiikute, au akaambiwa iagizwe kwa bei kubwa zaidi. Je, muuzaji anamdhulumu? Si lazima. Bei iliyotangazwa ni ya bodi peke yake, mahali inapouzwa kwa wingi. Bei ya Unguja hutegemea mambo matatu.

Jambo la kwanza ni wingi wa mzigo. Tuchukue mfano wa bodi iitwayo Pico, iliyotolewa Januari 2021 kwa dola 4. Tuseme kusafirisha kifurushi kidogo hadi bandari ya Malindi na kukitoa hugharimu dola 30. Mtu akiagiza bodi moja, itamfikia kwa dola 34. Shule zikiagiza bodi 40 kwa pamoja, na gharama ya kifurushi ikapanda kufikia dola 40, jumla ni dola 200, yaani dola 5 kwa kila bodi. Gharama hizo za usafiri ni za mfano tu, lakini kanuni ni ya kweli: gharama ya safari ikigawanywa kwa vitu vingi, fungu la kila kimoja hupungua. Kodi inayotozwa kwa kadiri ya thamani haina nafuu kama hiyo.

Jambo la pili ni vifaa vinavyoandamana na bodi. Bodi ya dola 35 haikuja na kinanda, kiwambo, kadi ya kumbukumbu wala kifaa cha kuipatia umeme. Shule iliyotumia fedha zake zote kununua bodi itaziweka kabatini. Televisheni yenye tundu la HDMI yaweza kuwa kiwambo, na kinanda cha zamani chenye waya wa USB hufaa. Pico ni ya namna nyingine. Huandikiwa programu kwa kuunganishwa na kompyuta ya kawaida, kisha huweza kufanya kazi peke yake, kwa mfano kupima joto la darasa mchana kutwa.

Jambo la tatu ni upatikanaji wenyewe. Novemba 2015 ilitolewa bodi ya Pi Zero kwa dola 5, ikaisha madukani upesi mno. Bei ndogo haina faida kwa asiyeipata bidhaa. Mwaka 2021 dunia ilipungukiwa na chipu, na mwezi Oktoba mwaka huo Raspberry Pi 4 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 ikapandishwa kutoka dola 35 hadi 45. Hali ilitengemaa mwaka 2023. Mwishoni mwa 2025 bei zilipanda tena, kwa kuwa mitambo mikubwa ya akili bandia ilihitaji chipu nyingi za kumbukumbu. Pico haitegemei chipu hizo, maana kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, kilobaiti 264 tu, imo ndani ya chipu yake kuu.

Basi mwalimu hana budi kuanza na somo, si na bodi. Ikiwa wanafunzi watajifunza kuandika na kusoma maandishi katika kompyuta, yahitajiwa kompyuta kamili. Katika wilaya ya Karatu, Tanzania Bara, baadhi ya shule za sekondari zimewekewa Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, jambo linalowezekana kwa sababu bodi hizo hutumia wati chache. Ikiwa somo ni vipimo vya fizikia, Pico yatosha.

Kabla ya kuagiza, na ziandikwe safu tatu: bei ya bodi, vifaa vyake, na usafiri pamoja na kodi. Kisha shule za Mji Mkongwe na za Makunduchi ziunganishe maagizo yao. Safu ya kwanza haitabadilika sana; ya tatu itapungua, na fedha itakayobaki inunue kadi na nyaya.