Tukague kompyuta kama tukaguavyo silaha

Askari hapokei bunduki ghalani kabla ya kuifungua na kuikagua. Yatushangaza basi kuona wengi wetu, makambini na katika vituo vya polisi, wakitoa akiba ya miezi mingi kununua kompyuta ya mezani kwa kutazama sura yake ya nje tu. Ngurumo moja ya radi ikipita, kompyuta imekufa, na kumbukumbu za kituo, au riziki ya mwenzetu mstaafu mwenye duka la kupiga chapa, zimezikwa nayo.

Cha kwanza kukaguliwa ni pawasaplai. Ndiyo inayopokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa ndani. Ikiwa duni haifi peke yake, bali huweza kuua na jirani zake. Tuchague yenye kinga dhidi ya umeme uliozidi na nyaya kugusana. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, huonyesha kwamba umeme haupotei ovyo. Lakini si ahadi kwamba kifaa kitadumu.

Cha pili ni ubao mkuu. Tuzitazame kapasita, yaani vile vipipa vidogo vilivyosimama juu yake. Tangu mwaka 1999 hadi 2007 hivi, kapasita mbovu zilienea duniani. Zilivimba vichwa na kuvuja. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ililazimika kutenga dola milioni 300 kwa matengenezo ya kompyuta zilizoathirika. Kama kampuni kubwa ilipatwa, sembuse sisi? Ubao wenye kapasita iliyovimba tusiununue, hata kwa bei ya kutupa. Tupendelee kapasita zilizoandikwa nyuzi 105 kuliko za nyuzi 85. Na kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza maisha ya kapasita takriban maradufu, feni na usafi wa vumbi si anasa.

Cha tatu ni diski. Ile ya sahani zinazozunguka huumizwa na mtikisiko. Ile isiyo na sehemu inayozunguka huuvumilia zaidi. Hata hivyo hakuna diski isiyokufa, kwa hiyo kila jalada la maana liwe na nakala mahali pengine.

Mwisho, tusilipe kabla kompyuta haijawashwa na kufanya kazi kwa saa nzima mbele yetu. Tudai stakabadhi inayotaja kila kifaa kwa jina pamoja na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kufungua sanduku lake amekwisha kutujibu.

Rahisi ni ghali. Fedha inayobaki baada ya kununua pawasaplai nzuri na betri ya akiba ndiyo itumike kwa mapambo. Isipobaki, mapambo na yangoje.