Je, Wajua? Kimeng'enya Asichoweza Kukikosa Mdudu wa Malaria

Kijidudu cha malaria, ambacho watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi wamekikabili tangu mwaka 1989, hakiwezi kuishika barabara chembe nyekundu ya damu pasipo kalsinyurini yake, kimeng'enya cha jamii ya fosfatasi, ambayo kazi yake ni kuziondolea protini fosfeti na hivyo kuwasha au kuzima amri za seli.

La ajabu zaidi, kalsinyurini imo hata miilini mwetu, ikiwaamsha askari wa kinga. Siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway, huizuia. Ndiyo maana aliyepandikizwa figo ya mwenziwe huitumia dawa hiyo, mwili usije ukaikataa amana ile. Walakini kinga iliyolazwa hukaribisha maradhi, basi dawa hiyo haimezwi ila kwa idhini ya tabibu.