Samaki wa Mapambo Nyumbani: Tuchague Wepi?

Akina mama wengi tunaoishi mjini tunalijua tatizo hili. Watoto wanataka mnyama wa kufuga, lakini nyumba ni ndogo, mwenye nyumba hataki mbwa, na mmoja wa watoto akikaa karibu na paka kifua kinambana. Ndiyo maana jioni moja baba watoto alirudi nyumbani na tangi la kioo pamoja na samaki kumi na watano wa rangi mbalimbali. Watoto waliruka kwa furaha.

Usiku uleule tuliliosha tangi kwa sabuni, tukalijaza maji ya bomba na kuwamimina samaki wote humo. Kila mtoto akawapa chakula kwa zamu yake. Siku ya tano walikuwa wamebaki watatu. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alituuliza, "Mama, ni sisi tuliowaua?" Tulimjibu kwamba hapana, samaki hufa tu. Jibu hilo halikuwa la kweli, na tutaeleza kwa nini.

Kwa nini walikufa?

Kwanza, sabuni. Hata ikisuuzwa, mabaki yake hudhuru samaki. Tangi lioshwe kwa maji matupu. Pili, maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huunguza mashavu ambayo samaki hupumulia. Maji yakikaa siku nzima katika ndoo iliyo wazi, klorini hupungua sana. Madukani pia kuna dawa ya kuiondoa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililozoeleka wamo bakteria wema wanaoigeuza amonia hiyo polepole mpaka isidhuru sana. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuenea katika mchanga na chujio. Sisi tulitia samaki kumi na watano siku ya kwanza, tena tukawashibisha kupita kiasi. Maji yalionekana meupe na safi, kumbe yalikuwa na sumu.

Wanaofaa kwa mwanzo

Kwa tangi dogo la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30, ambalo huchukua lita zipatazo 50, tumeona aina tatu zinafaa.

Gapi. Dume ni mdogo, lakini mkia wake ni kama khanga mpya: mwekundu, wa buluu, wa manjano, wenye madoa. Jina lake limetokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka kisiwa cha Trinidad katika miaka ya 1860. Gapi hazai mayai, huzaa watoto walio hai, kila baada ya mwezi mmoja hivi. Jike aliyekwisha kupandwa anaweza kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume. Kwa hiyo, mama, kama hutaki tangi lijae, nunua madume peke yake.

Plati. Asili yake ni Mexico na nchi jirani. Ni mnene kidogo, mwekundu au wa rangi ya chungwa, na ni mpole. Gapi na plati hupenda maji yenye chumvichumvi za mawe. Kama birika lako hufanya ukoko mweupe ndani, basi maji yako yanawafaa.

Danio. Huyu ametoka India na nchi zilizo jirani nayo. Ana milia ya buluu ubavuni, huchangamka kutwa nzima, na huvumilia ubaridi kuliko wale wawili. Hapendi upweke; awekwe pamoja na wenzake watano au zaidi. Hurukaruka, hivyo tangi liwe na kifuniko.

Wanaovutia macho lakini hawafai

Samaki wa dhahabu huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini anaweza kufikia sentimita 20 na kuzidi, na huchafua maji haraka. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wa manjano na wa buluu, ni fahari yetu duniani, lakini hugombania makao kwa ukali. Wanahitaji tangi kubwa na mawe mengi. Samaki mpiganaji wa Thailand ni mzuri, ila madume wawili hawakai pamoja.

Ukipenda samaki wa kwetu kwa tangi dogo, wako wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Hawafikii sentimita sita, nao hulea watoto wao humo kombeni. Wawekwe peke yao, na maji yawe yenye chumvichumvi za mawe.

Taratibu za kufuata

Weka tangi mbali na jua la dirishani, juu ya meza imara, kwa kuwa likijaa huzidi kilo 50. Chujio lifanye kazi mchana na usiku. Pwani joto la nyumbani hutosha. Lakini kwa akina mama wa Njombe, Iringa au Limuru, kifaa cha kupashia maji joto kinahitajika kwa gapi na plati, ambao hupenda nyuzi 22 hadi 26.

Dukani, angalia tangi lote. Samaki mmoja akiwa amekufa humo, au wengine wana madoa meupe, mapezi yaliyobana au wanatweta juu ya maji, usinunue hata mmoja. Anza na danio sita, kisha ongeza gapi au plati wachache baada ya wiki kadhaa. Jumla wasizidi kumi na wawili.

Wape chakula wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Kila wiki badilisha robo ya maji, usiyamwage yote. Chujio lisuuzwe katika maji ya tangi lenyewe, si bombani, ili bakteria wema wasife. Na samaki wakizidi, wagawie majirani. Usiwatupe mtoni wala bwawani, kwani wageni hao wanaweza kuwadhuru samaki wa asili.

Tulirudi kwa mtoto

Baada ya kujifunza hayo yote, tulimwita yule mdogo tukamwambia kweli: ndiyo, ni sisi wazazi tuliowaua, kwa kutokujua, wala si kosa lake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama tungeweza kujaribu tena. Tulikubali, kwa sharti kwamba tangi likae na maji mpaka litakapokuwa tayari.

Leo yeye ndiye mwenye kopo la chakula, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuligusa. Hupima kwa ncha ya kidole, kisha hufunga. Wakubwa zake wakimwomba aongeze kidogo, huwajibu, "Wameshiba. Tusiwaue tena."