UNAKWENDA KUSOMA UGANDA? SOMA HAYA KABLA YA KUVUKA BUSIA

Ndugu mkazi wa kambi,

Ikiwa wewe au mwanao mmepata nafasi ya shule Masafu, Busia au Tororo, tunafurahi pamoja nanyi. Lakini kuvuka mpaka bila kujitayarisha kumewaponza wengi. Tafadhali zingatia yafuatayo.

1. KARATASI ZAKO
Usiondoke kambini bila kibali cha kutembea. Kuvuka Busia au Malaba, mkimbizi huhitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, inayotokana na Mkataba wa mwaka 1951. Maombi huchukua muda, kwa hiyo anza mapema. Usipite njia za panya. Ukikamatwa huna karatasi, barua ya shule haitakutetea.

Ijulishe ofisi kwamba unakwenda masomoni. Asiyeonekana siku ya kuhakiki majina anaweza kusimamishiwa posho. Wala usijiandikishe upya Uganda kwa jina jingine, kwa maana alama za vidole hazibadiliki.

2. MASOMO
Uganda husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, na miwili ya Senior Five na Six. Aliyemaliza Form Four Kenya huenda akatakiwa kusoma hiyo miwili kabla ya chuo kikuu. Uliza kabla ya kulipa ada. Lipa benki, na utunze risiti.

3. LUGHA NA DESTURI
Masafu utasikia Kisamia, Tororo Kidhopadhola na Ateso. Kiswahili kinasikika mpakani, ila ukienda ndani wako wazee wanaokikumbuka kama lugha ya askari. Wakikujibu kwa ubaridi, usidhani wanakuchukia. Jifunze salamu yao kwanza. Utaona wasichana wakipiga magoti kuamkia wakubwa. Hiyo ni heshima yao. Ugali huko huitwa posho.

Upweke wa majuma ya kwanza ni jambo la kawaida. Mwaka 2008 familia za Wakenya zilizokimbia machafuko ya uchaguzi zilipokelewa Mulanda, Tororo. Hata jirani, basi, alipata kuwa mgeni huko. Ukilemewa, mwambie mwalimu unayemwamini.

4. USALAMA
- Vuka mchana. Neno "boda boda" lilizaliwa hapo hapo Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha wasafiri. Patana bei kabla ya kupanda.
- Badilisha pesa dukani penye leseni, si kwa mtu wa barabarani. Hesabu mwenyewe.
- Acha nakala za karatasi zako nyumbani.
- Dada, mtu anayejitolea kukulipia ada na chumba bila wazazi wako kujua anataka malipo mengine. Kataa, na useme.
- Ukiugua, ipo hospitali ya serikali Masafu.
- Polisi ni 999 katika nchi zote mbili. Mtoto aliye hatarini apige 116, bila malipo.

5. JIHADHARI NA WADANGANYIFU
Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992, husomesha mkimbizi chuoni katika nchi iliyompokea. Ule wa WUSC, ulioanza 1978, hupeleka wanafunzi Kanada. Fomu haziuzwi. Anayekudai "pesa ya faili" ni mwizi, hata akivaa beji.

Wazazi, kaeni na kijana wenu jioni moja kabla hajaondoka, mpatane siku ya kupiga simu. Akinyamaza siku hiyo ipite, msingoje. Njooni ofisini.

Ushauri wetu ni wa bure.