Taya la Mpiga Tromboni

Mpiga tromboni hutegemea taya lake kama mchukuzi anavyotegemea mgongo. David Baker, mpiga tromboni wa jazz mzaliwa wa Indianapolis nchini Marekani, aliumia taya katika ajali ya gari mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliendelea kupiga kwa miaka kadhaa, tena na wakubwa: yumo katika santuri za George Russell za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alizunguka na bendi ya Quincy Jones. Lakini jeraha halikumwachia, na mwishowe tromboni ikamshinda. Akashika chelo, ala ya nyuzi ambayo kwenye jazz karibu haikuwa na mwenyewe, akajifunza upya akiwa mtu mzima. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Indiana kikamwajiri, na pale akafundisha jazz kwa zaidi ya miaka 40.

Shahada za ualimu wa muziki alikuwa nazo tangu mapema. Hata hivyo nadhani ni chelo iliyomfanya mwalimu. Kile ambacho mdomo ulikuwa ukikifanya bila kuulizwa, sasa vidole vilitaka vielezwe. Ilibidi ajiulize: kwa nini sauti hii hapa ikaitika, na ile pale ikawa kama mtu aliyekosea mlango? Mpigaji hodari hahitaji jibu la swali hilo. Mwalimu wa chuo hawezi kuingia darasani bila jibu.

Kabla ya vyuo, jazz ilikuwa na namna yake ya kurithishwa. Kijana alisimama karibu na jukwaa, akasikiliza, akarudi nyumbani akairudisha sindano ya gramafoni mahali palepale hadi santuri ikachakaa. Akipata ujasiri alipanda jukwaani usiku wa manane, na akichemsha walimteremsha bila maneno mengi. Indianapolis walikuwa na mtaa wao wa kazi hiyo, Indiana Avenue. Sasa chukua elimu ya namna hiyo uipeleke kwenye chuo kinachotaka muhtasari wa somo, mitihani na alama. Solo inayobuniwa papo kwa papo utaipa asilimia ngapi?

Jibu la Baker lilianza na hesabu ndogo, na waliowahi kuimba kwaya kwa do-re-mi watalielewa upesi. Muziki wa mapigo manne, ukigawa kila pigo mara mbili, unakupa nafasi nane. Ngazi ya kawaida ina sauti saba. Anzia do ya juu ushuke, sauti moja kwa kila nafasi, huku mguu ukihesabu sakafuni. Utafika do ya chini kwenye nafasi ya nane, mguu ukiwa hewani. Umefika nyumbani, lakini umekuta mlango umefungwa. Msikilizaji asiyejua nota hata moja atahisi kwamba kuna kitu hakikukaa.

Wapigaji wa jazz akina Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa wamelimaliza tatizo hilo kwa sikio tu. Waliongeza sauti moja ya kupitia. Tuseme kordi, yaani kundi la sauti zinazolia pamoja, imejengwa kwa do, mi, so, na ti iliyoshushwa nusu sauti. Ukishuka, pita kwanza kwenye ti ya kawaida ndipo uje kwenye hiyo iliyoshushwa, halafu endelea: la, so, fa, mi, re. Sasa zimekuwa nane. Hesabu tena na mguu wako: do, ti iliyoshushwa, so na mi zote zinaangukia pale mguu unapogonga chini, na sauti za kupitia zinakaa katikati. Do ya chini inakuja na pigo la kwanza la duru inayofuata. Ijaribu kwa mdomo, hata kama uko kwenye daladala.

Baker ndiye aliyeieneza ngazi hii madarasani kwa jina la ngazi ya bibop, mtindo wa akina Parker, akaitungia mazoezi. Aliandika makumi ya vitabu, vingine vikichambua namna Parker, Miles Davis na Coltrane walivyopiga, solo kwa solo. Mpiga saksafoni Michael Brecker na mpiga drams Peter Erskine walipita chuoni Indiana.

Lakini chombo kama hiki kina hatari yake. Vijana wengi wakipewa ngazi moja na kitabu kimoja, watatoka wakipiga kwa lafudhi moja, safi na isiyo na uso. Lawama hiyo husikika kila mahali jazz inapotolewa kwa shahada, na sidhani kuwa ni ya uongo. Karatasi inaweza kukuonyesha mguu unagonga wapi, ila haikuambii lini unyamaze. Mwalimu anayeijua ngazi kupitia kitabu tu hana cha kumwambia mwanafunzi aliyekwisha kuikariri.

Vyuo vyenyewe navyo vilianza na makengeza. Shahada ya kwanza ya muziki huu ilifunguliwa mwaka 1947 mjini Denton, Texas, chini ya Gene Hall, nayo haikuitwa ya jazz kwa sababu neno hilo lilikuwa na harufu ya baa. Waliiita shahada ya bendi ya dansi. Inachekesha kidogo: Denton walipiga jazz wakaiita dansi, na Morogoro, Tabora na Dar es Salaam tulipiga dansi tukaiita jazz. Lisilochekesha ni kwamba muziki huo ulibuniwa na watu weusi, na wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza hawakupokelewa katika chuo hicho cha Denton hadi mwaka 1956, kwa amri ya mahakama.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vuguvugu la wanafunzi liliwafungulia mlango wa vyuo wapigaji weusi wenyewe: Donald Byrd akaenda Howard, Jackie McLean Hartford, Max Roach na Archie Shepp Amherst. Hawa barua yao ya utambulisho ilikuwa santuri.

Swali la nani aingie lilijitokeza kwa ukali zaidi Durban. Mwaka 1983, ubaguzi ukiwa bado ni sheria ya nchi, mpiga piano Mmarekani Darius Brubeck, mtoto wa Dave Brubeck, alihamia huko na mkewe Catherine, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaanzisha masomo ya jazz katika Chuo Kikuu cha Natal. Waliokuwa na muziki vidoleni wengi hawakuwa na vyeti, maana shule walizotengewa zilikuwa za kuwanyima. Sehemu kubwa ya kazi ya ualimu ikawa nje ya darasa: kubishana na ofisi, kutafuta ada, kutafuta pa kulala. Mwaka 1988 bendi ya wanafunzi wao, Jazzanians, weusi na weupe pamoja, ilipiga Detroit mbele ya walimu wa jazz wa Marekani.

Ndani ya bendi hiyo alikuwemo Zim Ngqawana wa New Brighton, Port Elizabeth, aliyeanza filimbi akiwa na miaka 21 na kuacha shule kabla ya kupata sifa za kuingia chuo. Chuo Kikuu cha Rhodes kilimkubali hivyo hivyo, kabla hajaja Natal. Baadaye alisoma Amherst, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Yusef Lateef.

Miaka kadhaa baada ya kurudi alifungua shule yake shambani, nje ya Johannesburg, bila vyeti na bila alama. Mwaka 2010 wezi wa vyuma chakavu waliivamia na kuzivunjavunja ala. Zim akamwita mwanafunzi wake, mpiga piano Kyle Shepherd, wakaingia humo humo kwenye mabaki. Shepherd aliketi mbele ya piano iliyoharibiwa, akatafuta kilichobaki kinatoa sauti gani, na mwalimu wake akapuliza kumfuata.