Je, Wajua? Wasiosoma Walioisanifu Skrini

Je, wajua kwamba wafuatiliaji nyayo wawili wa Afrika Kusini, Karel Benadie na James Minye, walikuwa hawajui kusoma, lakini majina yao yamo kati ya waandishi wa makala ya kisayansi? Mwaka 1996, katika Hifadhi ya Karoo, mtafiti Louis Liebenberg alijaribu pamoja nao CyberTracker, programu ya kompyuta ya mkononi inayotumia picha badala ya maneno. Ukimwona faru mweusi anakula, unagusa picha ya faru, kisha ya mmea anaoula. Mahali na saa mashine hujiwekea yenyewe. Walichokusanya kilichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Pachyderm.

Je, wajua kwamba kuna programu yenye jina la mti wa msitu wa Kongo? Inaitwa Sapelli. Ilitengenezwa na watafiti wa University College London (UCL), na mizizi yake iko kwa Wambendjele, wawindaji wa kaskazini mwa Kongo-Brazzaville. Katikati ya miaka ya 2000, walitembea msituni na vifaa vyenye picha wakiweka alama kwenye makaburi, dawa na miti isiyopaswa kukatwa, ukiwemo msapelli wenye viwavi wanaoliwa. Baadaye, skrini ya simu ilipopangwa kwa mafungu ndani ya mafungu, wengi walipotea njiani. Mtu anayeijua miti yote kwa jina hakuona sababu ya kupitia picha ya “mimea” kwanza. Kosa lilikuwa la mpangilio, wala si la watu. Watafiti wakaleta kadi zenye picha: unaigusisha kadi kwenye simu, basi. Mimi naona hapo ndipo usanifu wa pamoja unapopata maana, pale msanifu anapokubali kutupa kazi yake.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, nayo ilibadilishwa na watumiaji. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007, hilo ndilo likawa tangazo lake.

Tushuke sasa Kasenyi, Kongo-Kinshasa, kwenye ufukwe wa Ziwa Albert, chini ya mteremko wa barabara inayopanda kwenda Bunia. Mama anayenunua samaki mitumbwi inapotia nanga ana maji na magamba mikononi, na skrini ya kugusa huchanganyikiwa na maji: unabonyeza moja, inajibu tatu. Jua la ziwani huzifanya herufi zisionekane. Hesabu anazo kichwani, lugha anazo kadhaa: Kihema, Kilendu, Kialur au Lingala, na Kiswahili cha kukutania sokoni, ambacho si kile cha vitabu vya Dar es Salaam. Menyu ya simu ya Kifaransa inamwomba asome kwanza ndipo alipe. Hayo hayaonekani kwenye meza ya ofisi. Yanaonekana ufukweni asubuhi, ukimwomba akuoneshe anavyofanya.

Je, wajua kwamba Kivu Kusini, katika Kongo hiyohiyo, iliwahi kuwa na mradi uliojiuliza simu ishikwe na nani? Ni Voix des Kivus, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Columbia kuanzia 2009 hadi 2011, ukafikia vijiji 18. Wanakijiji walituma habari za mapigano, magonjwa na mavuno kwa SMS za namba maalumu zilizoorodheshwa kwenye karatasi moja. Kila kijiji kilikuwa na washika simu watatu: mmoja wa upande wa chifu, mmoja wa chama cha wanawake, na wa tatu aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Simu moja kwa chifu peke yake ingeleta habari za chifu peke yake. Kama mpango wa aina hiyo ungefika Kasenyi, ningetaka mmoja wa watatu awe mama anayekausha samaki, na aitwe kabla namba hazijaandikwa kwenye karatasi.